Matembezi yanayojikwepa kwenye grafu isiyo na mwisho: c(21) inatoka hasi, na uwiano hautulii

nodi_sifuri

Habari wakuu. Naandika programu ya kuhesabu matembezi yanayojikwepa: unaanzia nodi moja ya grafu (nukta, yaani nodi, zilizounganishwa kwa mistari iitwayo kingo), unapiga hatua n kwa kufuata kingo, na huruhusiwi kukanyaga nodi yoyote mara mbili. Idadi ya njia hizo naiita c(n). Nimeanza na wavu wa miraba, ambao kila nodi ina majirani wanne, kwa mbinu ya kawaida: jaribu jirani, ingia ndani, rudi nyuma, jaribu mwingine.

Hadi n = 10 napata 4, 12, 36, 100, 284, 780, 2172, 5916, 16268, 44100. c(20) ni 897,697,164. Baada ya hapo inaharibika: c(21) ni −1,886,161,268 na c(22) ni −2,145,374,108.

La pili ni uwiano. Inasemwa c(n) inakua takriban kama μ^n, na kwa wavu wa miraba μ ni karibu 2.638. Lakini c(n)/c(n−1) kwa n = 17, 18, 19, 20 inanipa 2.6944, 2.6828, 2.6883, 2.6788. Inashuka, inapanda, inashuka tena, na zote ziko juu ya 2.638. Nisome ipi?

Tatu, wavu wa miraba si mwisho wa safari. Nataka kuhesabu pia kwenye ngazi (mistari miwili sambamba iliyounganishwa kwa vipandio), kwenye wavu wa pembesita, na kwenye grafu zisizo na ulinganifu. Je, μ ipo kwa kila grafu isiyo na mwisho? Inategemea nodi ya kuanzia? Na kwa kompyuta moja ya kawaida, n = 30 inafikika?

---

kitanzi64

Mkuu, mbinu yako ni sahihi, kilichokuangusha ni aina ya namba. c(21) halisi ni 2,408,806,028. Namba ya biti 32 yenye alama inaishia 2,147,483,647, ukipita hapo inazungukia upande wa hasi: 2,408,806,028 − 4,294,967,296 = −1,886,161,268, ndiyo hiyo uliyoiona. c(22) ni 6,444,560,484, nayo imepita hata biti 32 zisizo na alama, kwa hiyo kuondoa alama kungekusogeza hatua moja tu. Tumia biti 64. Zinatosha mpaka kupita n = 40, na kwa kurudi nyuma pekee hutafika huko.

Kabla ya kutafuta kasi, weka vipimo vya usahihi ndani ya programu yenyewe. Viwili havigharimu kitu.

Cha kwanza ni cha wavu wa miraba. Njia zilizonyooka moja kwa moja ziko 4. Njia nyingine yoyote ina nakala 8 ukiizungusha na kuigeuza kama kwenye kioo. Kwa hiyo c(n) lazima iwe 4 + 8k: 284 = 4 + 8×35, 44100 = 4 + 8×5512. Namba isiyoacha baki ya 4 ukiigawa kwa 8 ni kosa, usiendelee nayo.

Cha pili kinafaa grafu yoyote ambayo kila nodi ina majirani d na nodi zote zinafanana. Chukua urefu wa mzunguko mfupi kuliko yote, uite g. Kabla ya g hakuna njia inayoweza kujigonga isipokuwa kwa kurudi ilikotoka, hivyo c(n) = d(d−1)^(n−1) kwa kila n iliyo chini ya g. Kwenye g yenyewe unatoa mizunguko ya urefu g inayopita kwenye nodi yako, kila mmoja mara mbili kwa sababu una pande mbili za kuuzunguka. Wavu wa miraba: 4×27 = 108, nodi moja iko kwenye miraba 4, 108 − 8 = 100. Wavu wa pembetatu: 6×25 = 150, pembetatu 6, 150 − 12 = 138. Pembesita: 3×32 = 96, pembesita 3 zinakutana kwenye nodi, 96 − 6 = 90. Programu ikikosea hapa, tatizo liko kwenye orodha ya majirani, usihangaike na sehemu ya kuhesabu.

Sasa kasi. Kiini kiwe hiki:

```
hesabu(nodi, hatua):
    kama hatua = 0: rudisha 1
    kama hatua = 1: rudisha idadi ya majirani wa nodi wasiokanyagwa
    weka alama kwenye nodi
    jumla = 0
    kwa kila jirani asiyekanyagwa:
        jumla = jumla + hesabu(jirani, hatua − 1)
    futa alama kwenye nodi
    rudisha jumla
```

Mstari wa "hatua = 1" ndio wenye faida kubwa. Tabaka la mwisho la mti wa utafutaji ndilo pana kuliko yote, na hapa huingii ndani yake kabisa, unahesabu nafasi zilizo wazi na kuondoka.

Halafu tumia ule ulinganifu wa 8. Usianze kwa kwenda pande zote nne. Nenda kulia hatua j, kisha juu hatua moja, kisha hesabu(…, n − j − 1), ukiwa umeshaweka alama kwenye nodi zote ulizopita ikiwemo ya kuanzia. Jumlisha kwa j = 1 hadi n − 1, zidisha kwa 8, ongeza 4. Jaribu n = 3: j = 1 inatoa 3, j = 2 inatoa 1, jumla 4, na 4 + 8×4 = 36.

Alama zihifadhi kwenye safu moja bapa ya baiti, jirani wa kulia akiwa +1 na wa juu akiwa +W, W ikiwa upana. Upana uwe angalau 2n + 1 na uanzie katikati. Ukibana upana, mwisho wa mstari mmoja unaungana na mwanzo wa mstari unaofuata, njia zinaanza kujigonga mahali ambapo kwenye grafu halisi hakuna kitu, na namba zinapungua kimyakimya bila programu kuanguka.

Kuhusu n = 30: c(30) ni 16,741,957,935,348. Kwa ulinganifu na ule mstari wa mwisho, miito inabaki karibu trilioni 1.25. Programu inayofanya miito milioni 100 kwa sekunde itamaliza kwa takriban saa 3 na nusu kwenye kiini kimoja cha prosesa. Ukitaka viini vyote vifanye kazi, orodhesha kwanza njia zote za hatua 8 au 10, gawa kila moja kama kazi ya kujitegemea, kila kiini kiwe na safu yake ya alama. Ila usijipe matumaini ya n = 40 kwa njia hii. Hatua 10 zaidi zinazidisha kazi zaidi ya mara 16,000, na saa 3 na nusu inageuka zaidi ya miaka 6.

---

Mkingo

Nijibu swali la kuwepo kwa μ, maana watu wengi hulirukia.

Kwenye grafu ambayo nodi zote zinafanana (ulinganifu fulani wa grafu unaweza kupeleka nodi yoyote mahali pa nyingine), katiza njia ya hatua m + n baada ya hatua m. Kipande cha kwanza kinajikwepa, cha pili nacho kinajikwepa, na kila kimoja kinahesabika kama kimeanzia kwenye nodi ile ile. Kwa hiyo

c(m+n) ≤ c(m) · c(n).

Hakuna usawa kwa sababu vipande viwili halali vikiunganishwa vinaweza kugongana. Chukua logi, na lema ya Fekete inasema c(n)^(1/n) ina kikomo, na kikomo hicho ndicho kiwango cha chini kabisa cha c(n)^(1/n) kwa n zote. Kikomo hicho ndicho μ. Hammersley ndiye aliyeiweka hoja hii kwenye matembezi haya katika miaka ya 1950, na alionyesha pia kwamba inatosha nodi ziwe za aina chache zinazojirudia. Hapo c(n) inaweza kutofautiana kati ya aina na aina, lakini μ ni moja kwa zote.

Faida ya hapo hapo: c(n)^(1/n) haishuki kamwe chini ya μ. Namba zako zinathibitisha kwamba μ ≤ 44100^(1/10) ≈ 2.914, na c(20) inashusha hadi 2.803. Huo ni uthibitisho kamili, ingawa ni mlegevu. Kwa upande wa chini kuna madaraja: njia ambazo nodi ya kuanzia iko kushoto kabisa pekee yake, na nodi ya mwisho haizidiwi na yoyote kwa upande wa kulia. Madaraja mawili yakiunganishwa hayagongani kamwe, hivyo b(m+n) ≥ b(m) · b(n), na b(n)^(1/n) inakaribia μ kutoka chini. Kwenye wavu wa miraba b(1) = 1, b(2) = 3, b(3) = 7. Kwenye grafu nyingine unahitaji kitu cha kuchukua nafasi ya "kushoto na kulia", yaani namba juu ya kila nodi inayoendana na ulinganifu wa grafu.

Ukiondoa ulinganifu, kikomo kinaweza kukosekana kabisa. Chukua mti wenye mzizi mmoja. Kwenye tabaka 1 hadi 9 kila nodi inazaa watoto wawili, tabaka 10 hadi 99 kila nodi mtoto mmoja, 100 hadi 999 wawili, 1000 hadi 9999 mmoja, na kuendelea hivyo. Kutoka kwenye mzizi njia inashuka tu, kwa hiyo c(n) ni 2 kwa kipeo cha idadi ya tabaka zinazogawanyika chini ya n. Ukisimama mwisho wa kipindi cha kugawanyika, sehemu ya tabaka hizo ni karibu 10/11 ya zote, na c(n)^(1/n) ni karibu 1.878. Ukisimama mwisho wa kipindi cha mtoto mmoja ni 1/11, na unapata 1.065. Inaruka kati ya hizo mbili milele. Grafu ina majirani wasiozidi watatu kwa kila nodi, haina mzunguko hata mmoja, na bado μ haina maana hapo.

Kwa grafu za namna hiyo, kilicho salama ni kuchukua idadi kubwa kuliko zote kwa nodi zote za kuanzia. Hiyo inatii ile kanuni ya juu, c(m+n) ≤ c(m) · c(n), na kikomo chake kipo maadamu idadi ya majirani ina mpaka. Usichukue c(n) ya nodi moja ukaipa jina μ bila kuangalia grafu ina ulinganifu gani.

Mipaka ya haraka kwa grafu yenye nodi zinazofanana na majirani d: juu ni d − 1, inafikiwa na mti wenye d sawa kila mahali. Chini, Grimmett na Li walithibitisha √(d−1). Ukipata kadirio nje ya hapo, kuna hitilafu.

---

x_hakiki

Kuhusu uwiano unaoyumba. Sababu ni kwamba nodi za wavu wa miraba zinagawanyika makundi mawili, kama rangi za ubao wa sataranji, na kila hatua inakuvusha kutoka kundi moja kwenda jingine. Mfululizo Σ c(n) x^n una tatizo lake kuu (mahali ambapo jumla inaharibika) kwenye x = 1/μ, lakini kwenye wavu wa namna hii kuna jingine dhaifu zaidi kwenye x = −1/μ. Hilo la pili linaongeza kiasi kinachobadili alama kila n inapoongezeka kwa 1, ndiyo maana n shufwa na n witiri zinafuata mistari miwili. Kwenye wavu wa pembetatu hakuna makundi mawili, na huoni kuyumba huku.

Dawa ni kulinganisha n na n − 2. Kesten alithibitisha mwaka 1963 kwamba kwenye wavu wa miraba c(n+2)/c(n) inakwenda kwenye μ². Kwa c(n+1)/c(n) hali ni ngumu zaidi: kwenye nyavu za vipimo 5 (yaani pande 5 za kuelekea, badala ya mbili za bapa) kwenda juu kuna uthibitisho wa Hara na Slade, ila kwenye bapa hakuna.

√(c(20)/c(18)) = √(897,697,164 / 124,658,732) ≈ 2.6835.

Bado uko juu, na hiyo si makosa ya hesabu. Ukuaji si μ^n tupu. Nienhuis alibashiri mwaka 1982 kwamba kwenye nyavu za bapa c(n) ni takriban A · μ^n · n^(11/32). Kile kipeo 11/32 ni kile kile kwa miraba, pembesita na pembetatu, kinachobadilika ni A na μ. Haijathibitishwa, lakini kila hesabu ndefu iliyofanywa inakubaliana nayo. Ondoa mchango huo: gawa kwa (20/18)^(11/64), ambayo ni 1.01827, unapata 2.6354. Thamani halisi inaanza 2.63816. Kwa n = 20 tu umekaribia kwa sehemu 1 katika 1000.

Onyo: 11/32 ni ya bapa tu. Ukiitumia kwenye mti, kwenye ngazi, au kwenye wavu wa vipimo vingi utajiongezea kosa badala ya kulipunguza. Kwa vipimo 5 na zaidi Hara na Slade walionyesha kwamba hakuna kipeo cha ziada, ni A · μ^n. Kwa mti ni d(d−1)^(n−1) moja kwa moja. Jiulize kwanza grafu yako ni ya familia gani.

---

nodi_sifuri

Asanteni sana, c(21) na c(22) sasa zinatoka sawa na kipimo cha 4 + 8k kinapita kila mahali. Kwenye ngazi nimepata 3, 6, 12, 20, 36, 58, 100. Hapa natakiwa kutarajia μ ipi? Na pembesita naziwekaje kwenye safu bapa bila kuchora?

---

Mkingo

Ngazi ni mahali pazuri kwa sababu unaweza kumaliza kila kitu kwa kalamu. Fikiria njia inayoelekea kulia tu. Kila hatua ni ama M (mbele) ama K (kipandio). Baada ya K huwezi kupiga K tena, ungerudi ulikotoka. Hakuna sharti jingine. Kwa hiyo unahesabu maneno ya M na K yasiyo na KK, na hizo ni namba za Fibonacci (kila moja ni jumla ya mbili zilizotangulia). μ ni uwiano wa dhahabu, φ = (1+√5)/2 ≈ 1.618.

Zinabaki njia zinazogeuka. Ukianza kwa kwenda kushoto hatua k, ukavuka, ukarudi kwa mstari wa pili, umelazimishwa hatua 2k + 1 bila chaguo lolote. Mchango wake unapungua kama φ^−(2k+1), jumla yake inakusanyika, na inaongeza kizidishi tu mbele ya φ^n. Vivyo hivyo kwa kugeuka mwishoni. Ndiyo maana hakuna n^(11/32) hapa.

Fomula kamili imeandikwa na Zeilberger. F ikiwa Fibonacci yenye F(1) = F(2) = 1, basi kwa n ≥ 2: c(n) = 8F(n) − n ikiwa n ni shufwa, na 8F(n) − 4 ikiwa n ni witiri. Angalia namba zako: n = 6 ni 64 − 6 = 58, n = 7 ni 104 − 4 = 100. Inayofuata lazima iwe 8×21 − 8 = 160. Hiki ndicho kipimo bora zaidi kwa programu yako, kwa sababu unaweza kukiangalia hadi n yoyote, na hakuna wavu wa bapa unaokupa nafasi hiyo.

Pembesita: tumia ukuta wa matofali. Nodi ni (x, y) kama kawaida. Kila nodi ina jirani wa kushoto na wa kulia, pamoja na wa juu ikiwa x + y ni shufwa, au wa chini ikiwa ni witiri. Kosa linalojitokeza sana ni kuangalia x peke yake: nodi ya chini inasema ina jirani juu, ya juu haimtambui wa chini, ukingo unakuwa wa upande mmoja. Andika kipimo kinachopita kwenye kila ukingo na kuhakikisha unaonekana kutoka pande zote mbili. Namba sahihi ni 3, 6, 12, 24, 48, 90, 174, 336, 648, 1218.

---

kitanzi64

Niongeze njia ya kuruka mbali zaidi ya kurudi nyuma, kwa atakayetaka wavu wa vipimo vitatu (urefu, upana na kimo). Mwaka 2011 Schram, Barkema na Bisseling walitumia mbinu ya kuongeza urefu maradufu, wakafika c(36) kwenye wavu wa mchemraba: 2,941,370,856,334,701,726,560,670.

Wazo: njia ya hatua 2N ni njia mbili za hatua N zinazoanzia nodi ya katikati na zisizogongana. Hesabu jozi zote, kisha ondoa zinazogongana kwa kujumlisha na kutoa. Kwa kila seti S ya nodi (bila ile ya katikati), Z(S) iwe idadi ya njia za hatua N zinazopita kwenye nodi zote za S. Basi c(2N) ni jumla ya Z(S)² kwa seti zote, ikiwa na alama + kama S ina nodi shufwa na − kama ni witiri. Seti tupu inatoa c(N)².

Ifanye kwa mkono kwenye miraba, N = 2. Seti tupu: 12² = 144. Nodi mojamoja: majirani 4, kila mmoja anapitiwa na njia 3, hiyo ni 4×9 = 36. Nodi 4 zilizo hatua mbili kwa kunyooka, njia 1 kila moja, 4×1 = 4. Nodi 4 za mshazari, njia 2 kila moja, 4×4 = 16. Jumla 56. Jozi za nodi: kila njia kati ya 12 ina jozi yake isiyoshirikiwa na nyingine, 12. Mwisho: 144 − 56 + 12 = 100. Ni c(4).

Kwenye programu, kila njia ya hatua N inatoa seti ndogo 2^N, kwa hiyo kazi ni takriban (2μ)^N badala ya μ^(2N). Faida ipo tu μ ikizidi 2. Kwa mchemraba, μ ≈ 4.684, gharama ya kila hatua inashuka kutoka 4.684 hadi 3.06. Kwa miraba inashuka kutoka 2.638 hadi 2.30, si haba. Kwa pembesita na ngazi, ambazo μ iko chini ya 2, utapoteza muda. Tatizo la vitendo ni kumbukumbu: hesabu za Z(S) hazitaenea, inabidi kuzigawa kwa mafungu, mfano kwa nodi ya mwisho katika S kwa mpangilio uliouchagua.

Kwa miraba yenyewe, mbinu inayoshinda ni ya kusogeza mstari wa kukata juu ya mstatili, nodi baada ya nodi, ukihifadhi tu jinsi kingo zilizokatwa zinavyoungana upande wa nyuma. Conway, Enting na Guttmann walifika n = 39 mwaka 1993 kwa gharama inayokua kama 3^(n/4), yaani 1.316 kwa kila hatua. Jensen aliisogeza hadi 71 mwaka 2004 na 79 mwaka 2013. Hesabu hufanywa kwa baki za namba tasa kadhaa, kisha zinaunganishwa kwa theoremu ya Kichina ya baki, ili biti zisifurike.

---

nodi_sifuri

Swali la mwisho. Ngazi ina φ. Je, kuna μ kamili kwa nyavu za bapa, au zote ni makadirio?

---

x_hakiki

Pembesita ina thamani kamili: μ = √(2+√2) = 2cos(π/8) ≈ 1.84776. Nienhuis aliibashiri 1982, Duminil-Copin na Smirnov wakaithibitisha mwaka 2010. Kiini ni kuipa kila njia uzito x^n mara e^(−iσW), i ikiwa mzizi wa pili wa −1, W ikiwa jumla ya kona ilizokata, σ = 5/8. Kwenye pembesita kila kona ni digrii 60 kushoto au kulia, basi. Njia zinazofika karibu na nodi moja zinagawanyika katika mafungu ya mbili na ya tatu, na σ hiyo pamoja na x = 1/√(2+√2) zinafanya kila fungu lijifute lenyewe.

Kwenye miraba kuna pia hatua ya kunyooka, mafungu hayo hayajifuti, na hakuna fomula. Ziliwahi kuonekana dalili: mzizi wa 581x⁴ + 7x² − 13 = 0 unatoa 1/x ≈ 2.638158, na kwa zaidi ya miaka 20 kila kadirio jipya liliafikiana nao. Mwaka 2016 Jacobsen, Scullard na Guttmann walipata 2.63815853032790, na fomula ikaanguka kwenye tarakimu ya 12. Kwa hiyo ukiona namba zako za tarakimu 6 zinafanana na mzizi fulani mzuri, hiyo haikuambii chochote.

Kutoka pembesita unaweza kupata grafu nyingine yenye thamani kamili bure. Badilisha kila nodi kwa pembetatu ndogo. Kuvuka pembetatu kunachukua hatua 1 au 2, na ukingo wa kuunganisha hatua 1, hivyo mahali pa x ya zamani panakaa x·(x + x²). μ mpya inatoka kwenye x² + x³ = 1/√(2+√2), na 1/x ni 1.711041. Rudia ubadilishaji juu ya grafu mpya, unapata 1.6565. Ukiendelea unashuka kuelekea φ ile ile ya ngazi, kwa sababu x² + x³ = x ina jibu x = 1/φ. Grimmett na Li waliuliza kama φ ndiyo sakafu ya grafu zote za majirani watatu zenye nodi zinazofanana, na wamelithibitisha hilo kwa familia nyingi. Ukiijenga hiyo ya pembetatu kwenye programu, c(1), c(2), c(3) lazima ziwe 3, 6, 10, kwa kuwa kila nodi iko kwenye pembetatu moja tu: 12 − 2.